Evaristo Muyinda: ala nyingi, akili moja

Aprili 1941, mjini New York, Sidney Bechet aliingia studio ya kampuni ya Victor akiwa hana bendi. Alipiga klarineti, saksafoni ya soprano, saksafoni ya tena, piano, besi na ngoma, kimoja baada ya kingine, kila mara akisikiliza alichokwisha kukipiga na kuongeza kingine juu yake. Santuri iliyotoka, "The Sheik of Araby", ina wapigaji sita, na wote ni Bechet. Siku hiyohiyo alirekodi na bluzi moja kwa ujanja uleule. Tangu hapo, anayeandika habari za wapigaji wa ala nyingi katika jazz ya mwanzo ni nadra kuiacha studio ile: hodari mmoja, asiyemhitaji mtu.

Miaka hiyohiyo, huko Mengo, Kampala, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Ndani ya Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, marimba ya amadinda yenye vibao 12 tu ilikaliwa na watu watatu. Akadinda, dada yake mkubwa mwenye vibao 17, ilitaka kundi zima. Entenga, safu ya ngoma 15, ilitaka watu sita: wanne kwenye ngoma 12 zilizopangwa sauti, wawili kwenye tatu zilizobaki. Mpigaji bora wa amadinda akiachwa peke yake hana wimbo. Ana mapigo yaliyonyooka tu, ya kuchosha, na ukimuuliza wimbo wenyewe uko wapi itabidi akuonyeshe mwenzake aliyekaa upande wa pili.

Katika muziki huo ndimo alimokomaa Evaristo Muyinda, aliyezaliwa 1914 na kufariki 1993, mwanamuziki wa Kabaka Mutesa II, kisha mpigaji na mwalimu katika Makumbusho ya Uganda. Alizimudu amadinda na akadinda, kinubi cha ennanga, zeze la endingidi, filimbi ya endere, ala nyingine za nyuzi, na ngoma. Nikitakiwa kumtaja mtu wa Afrika Mashariki wa kuwekwa karibu na Bechet, nitamtaja yeye, ingawa jina lake halimo katika bendi yoyote iliyojiita Jazz. Nasema tumemweka katika rafu isiyo yake. Tumempeleka kwenye "ngoma za asili", pamoja na vibuyu na ngozi za kenge, wakati kazi aliyoifanya ilikuwa ya kisasa kama ya Bechet. Na wataalamu wa jazz walipokuja kujifunza jambo kubwa kuhusu namna sikio linavyosikia muziki, mmoja wao alijifunza hapa Kampala, kwake.

Asiyeijua Kampala aanze na bonde la Nakivubo. Upande mmoja panapanda Mengo, kwenye Lubiri na serikali ya Buganda. Upande wa pili panapanda Nakasero, alikojijenga Mwingereza na maofisi yake, na Wahindi na maduka yao. Hadi 1968 hii ilikuwa miji miwili, kila mmoja na utawala wake: Kibuga cha Buganda na Kampala ya manispaa. Katikati bondeni ukapita mfereji unaopeleka maji Ziwa Victoria, na mvua ikizidi kidogo huyarudisha maji hayo madukani, kama wachuuzi wa soko la Owino wanavyojua bila kuhitaji mtabiri wa hali ya hewa. Hapohapo ulijengwa uwanja wa mpira mwaka 1926, ukaja kuitwa uwanja wa kumbukumbu ya vita, ukabomolewa miaka ya karibuni na kujengwa upya na mfanyabiashara Hamis Kiggundu, ukafunguliwa tena 2024. Muyinda alikuwa mtu wa kingo zote mbili za bonde. Kazi ya kwanza ilikuwa ya jumba la mfalme, Mengo. Ya pili ilikuwa ya makumbusho, ambayo kutoka 1954 yako Kitante, ng'ambo ya Nakasero. Aliyehama kutoka mlima hadi mlima namna hiyo, katika Kampala ya wakati ule, alikuwa amehama dola.

Jazz yenye saksafoni ilikuwapo pia, na si vizuri kuiruka. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, Morogoro Jazz 1944. Vita Kuu ya Pili ikawakusanya vijana wenye vipaji katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akiwamo Fundi Konde wa Kilifi, wakawapigia askari wenzao mpaka pande za Asia. Vita vilipokwisha, baadhi ya wanamuziki wa kikosi hicho walibaki pamoja wakijiita Rhino Boys, wakakaa kwanza Kampala, kisha mwaka 1948 wakahamia Nairobi, kwenye studio na fedha. Mwishoni mwa 1960 Louis Armstrong mwenyewe alileta tarumbeta yake katika ziara iliyofika Uganda na Kenya. Hivyo ndivyo tunavyoisimulia kwa kawaida: kambi ya jeshi, ala za Ulaya, santuri za Kuba, ukumbi wa dansi. Ni simulizi ya kweli. Ila inadhani kwamba usasa ulikuja ndani ya kasha la saksafoni, na kwamba waliobaki na marimba walibaki nyuma.

Basi tukae kwenye marimba kidogo, maana utamu wenyewe uko hapo.

Vibao vya amadinda huchongwa kwa mti wa lusambya na kulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na katikati ya kibao na kibao huchomekwa vijiti ili visihame. Fundi akitaka sauti ya kibao ishuke, anakikwangua tumboni. Akitaka ipande, anapunguza ncha. Wapigaji wawili wakuu wanakaa wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili, akipiga sauti ileile mahali pawili kwa pamoja, chini na juu, oktavu moja kati yake. Omunazi ndiye anayeanza. Mapigo yake yamelingana mwanzo hadi mwisho, hayana madoido. Omwawuzi anaingia katikati ya mapigo hayo, katikati kabisa, na mapigo yake nayo yamelingana. Wakishika mwendo, mapigo ya wote wawili yakijumlishwa hufika 600 kwa dakika, wakati mwingine zaidi.

Kasi hiyo mtu huizoea. Kazi iko kwingine: kila mmoja wao anajihesabu kwamba yeye ndiye yuko juu ya pigo, na mwenzake ndiye anayeingia katikati. Hakuna mguu mmoja unaogongwa kwa ajili ya wote. Mwanafunzi aliyekulia kwenye bendi ya shule, au kwenye kwaya yenye mwalimu wa kupunga mkono, hupotea papo hapo, kwa sababu anatafuta pigo la jumuiya na halipo. Kuna lako na kuna la mwenzako, na yote mawili ni ya kweli.

Kisha sikio linaingilia kati. Kwa kasi ile haliwezi tena kufuata mkono wa huyu na mkono wa yule. Linaanza kukusanya sauti za chini na za chini zenzake, za juu na za juu zenzake, na ghafla msikilizaji anasikia nyimbo mbili tatu zinazorukaruka kwa mapigo ya kuvunjika, nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Ukimtazama omunazi, fimbo zake zinakwenda kama saa ya ukutani. Ukifumba macho, unasikia mtu anayecheza. Huyo mtu hayupo. Ametengenezwa na sikio lako kutokana na kazi ya wawili.

Mpigaji wa tatu, omukoonezi, ndiye ninayempenda kuliko wote. Ana vibao viwili tu vya mwisho upande wa juu. Anasikiliza kinachotokea kwenye vibao viwili vya chini kabisa, ambacho ni cha wenzake wote wawili kwa pamoja, na anakirudia huku juu. Maana yake kitu anachokipiga hakijaanzishwa na yeyote. Kimezaliwa kati yao, yeye amekisikia na kukipa sauti kavu inayopasua. Ni msikilizaji aliyepewa fimbo. Wanaosema kazi ya wa tatu ni rahisi kwa vile ina sauti mbili hawajajaribu.

Mpangilio wa sauti nao una siri yake. Oktavu ya Kiganda imekatwa hatua tano zinazokaribia kulingana, ambapo piano inakata 12. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekuwa Uganda, alipima kinubi cha ennanga na kuchapisha matokeo katika jarida la sayansi la Nature mwaka 1950, jambo ambalo bado linanifurahisha: kinubi cha Kabaka katika kurasa zilezile wanazoandika wanafizikia. Kwa kuwa hatua zinalingana, wimbo mmoja unaweza kuhamishwa kibao kimoja juu, halafu kingine, na umbo lake lisiharibike. Waganda wanaziita namna hizo za kuhamisha emiko. Kila unapouhamisha, sauti zinazoangukia vibao vya chini zinabadilika, kwa hiyo kazi ya omukoonezi inabadilika, na zile nyimbo zisizopigwa na mtu zinabadilika pia. Kutoka kwenye safu mbili za mapigo ya kawaida unavuna nyimbo nyingi. Hivi ndivyo "Ssematimba ne Kikwabanga", wimbo ambao kila mwanafunzi wa amadinda hukutana nao, unavyoweza kupigwa leo na kesho na ukakuchanganya kesho.

Sasa turudi kwa mpigaji wa ala nyingi. Ennanga ina nyuzi nane na mpigaji mmoja. Lakini mikono yake miwili inafanya kazi ileile ya omunazi na omwawuzi: mkono mmoja una safu yake, wa pili unaingia katikati. Nyimbo ni zilezile. Entenga nayo inachota katika hazina ileile, ila ni ngoma badala ya vibao. Kwa hiyo Muyinda hakujifunza ala moja, akaiacha, akaanza nyingine upya. Alijifunza nyimbo zilivyoumbwa, akawa anazihamisha. Hapa ndipo anapoachana na Bechet. Bechet alitoka kwenye klarineti akaenda kwenye saksafoni kwa njia ya pumzi na vidole, jamaa wa karibu. Muyinda alitoka kwenye kipande cha mti akaenda kwenye uzi, na kutoka uzi kwenda kwenye filimbi, na alichobeba njiani kilikuwa ni hesabu iliyo kichwani. Ndiyo maana naona neno "hodari wa ala nyingi" linampunja. Linahesabu vyombo vyake wakati umahiri wake ulikuwa mmoja.

Kisha akafanya jambo ambalo jumbani halikuwa la kawaida: akaziweka ala hizo pamoja. Katika Lubiri kila ala ilikuwa na watu wake. Wapiga filimbi wa Kabaka, abalere, walikuwa kundi na ngoma zao. Wapiga amakondere, baragumu za vibuyu, walikuwa kundi lingine. Kazi hizi ziliambatana na koo na vijiji, na ardhi iliyotolewa kwa ajili ya utumishi. Kumwita mtu wa filimbi, mtu wa zeze, mtu wa kinubi na watu wa marimba wakae duara moja na kupiga wimbo mmoja ni kuvunja kuta ambazo hazikuwa za muziki tu. Muyinda aliunda kundi la namna hiyo, likajulikana kama Kiganda Orchestra, na jina hilo la Kizungu lisitudanganye kuhusu ugumu wa kazi yenyewe.

Fikiria upangaji wa sauti peke yake. Marimba haibadiliki mpaka uchukue kisu. Filimbi haibadiliki, matundu yake manne yameshachomwa. Kinubi kinakubali kukazwa na kulegezwa. Zeze la uzi mmoja linakwenda popote kidole kinapotaka. Ina maana marimba na filimbi ndizo zinazotawala, na wengine wanasogea kuzifuata. Halafu swali la nani apige nini: marimba imeshajaza kila nafasi kwa mapigo yale 600, filimbi ikae wapi? Jibu lililozaliwa ni kwamba filimbi na zeze zichukue uimbaji, zile nyimbo zilizofichika ndani ya marimba zitolewe nje na kupewa pumzi na uzi. Kazi ya kugawa sauti kwa wapigaji kulingana na tabia ya kila chombo ndiyo iliyompa Duke Ellington jina lake duniani. Kwa Muyinda tukaiita maonyesho ya utamaduni.

Wapo wapenzi wa asili walionuna, na hadi leo wapo wanaosema orkestra ile iliharibu mambo, kwa kuwa baadaye vikundi vya taifa kama Heartbeat of Africa, na vikundi vya kibinafsi vilivyofuata, vilichukua mtindo wa kuchanganya kila kitu jukwaani mpaka ladha ya kila ala ikapotea. Sehemu ya lawama hiyo naikubali: ukisikiliza baadhi ya vikundi vya hotelini, marimba imekuwa zulia la kutembelea wachezaji. Lakini "asili" wanayoitetea haikukaa kimya kuwasubiri. Endingidi, zeze ambalo mtalii anaambiwa ni la kale, lilienea Buganda mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Endongo, ala nyingine ya nyuzi, ina ukoo upande wa Busoga. Muziki wa Lubiri ulikuwa ukipokea na kutoa muda wote. Muyinda aliharakisha mwendo uliokuwapo.

Aliyemfungulia mlango wa pili ni Wachsmann huyohuyo. Alizaliwa Berlin 1907, akakimbia Ujerumani ya Hitler, akafika Uganda 1937, na kuanzia 1948 hadi 1957 akawa msimamizi wa makumbusho. Alizunguka nchi nzima akirekodi, na mkusanyiko wake una rekodi zaidi ya elfu moja, zilizohifadhiwa London na ambazo nakala zake zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Uamuzi wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa mwepesi kuusema: ala zisitundikwe ukutani tu, zipigwe. Makumbusho yakaajiri wapigaji, Muyinda akiwa miongoni mwao, na mgeni aliyekuja kutazama kinubi akamkuta mwenye kinubi. Albert Ssempeke, aliyefariki 2006 akiwa ameshakuwa jina kubwa la endere na ennanga, alipitia ulimwengu huohuo wa jumba na makumbusho.

Bechet alifariki Ufaransa Mei 1959. Miezi michache baadaye alifika Kampala kijana wa karibu miaka 25 kutoka Vienna, Gerhard Kubik, mpiga klarineti wa jazz, aliyesafiri kwa kuomba lifti barabarani. Akamwendea Muyinda. Muyinda hakumpa mhadhara. Alimkalisha upande wa pili wa amadinda na kumpa safu ya mapigo. Hapo Kubik akakutana na kitendawili: nyimbo zenye mikato migumu alizokuwa akizisikia hazikuwa kwenye mkono wake wala kwenye mkono wa mwalimu. Kila mkono ulikuwa mwepesi. Ugumu ulikuwa sikioni. Makala yake kuhusu muundo wa muziki wa marimba ya Kiganda ilitoka 1960 katika jarida la African Music, na mwaka 1962 ikafuata nyingine iliyoieleza kanuni hiyo kwa upana wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1999 akatoa kitabu Africa and the Blues, na 2017 juzuu mbili za Jazz Transatlantic. Ukisoma kazi hizo kwa mfululizo unaona swali moja likitembea miaka hamsini na zaidi: mpigaji anafanya nini kwa mikono, na msikilizaji anasikia nini, na kwa nini hivi viwili havilingani. Swali hilo ni la darasa la Muyinda.

Hapa nataka nimzuie msomaji asikimbilie pale ambako wengi hukimbilia. Bluzi hazikutoka Buganda. Kubik mwenyewe anapozitafutia chimbuko anaonyesha kidole ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, kutoka pande za Mali kwenda mashariki hadi Kameruni ya kaskazini, kwa watu wa nyuzi na sauti ya kulalama, ambao wengi wao walipelekwa kusini mwa Marekani. Biashara ya watumwa ya kwetu ilielekea Zanzibar na Bahari ya Hindi. Ukiona hatua za Kiganda zinaangukia kati ya funguo za piano, na zile sauti za kuinama za bluzi nazo zinaangukia kati ya funguo hizohizo, usiunganishe kamba. Ni watu wawili ambao wote hawatoshi katika nguo ya mtu wa tatu. Undugu wao haujathibitika. Mambo ya Muyinda kwa jazz ni ya aina nyingine, na sioni kama ni madogo. Alimfundisha mtu wa jazz kusikiliza, na mtu huyo akaenda Mississippi na sikio lililonolewa Kampala.

Kwa haki, Kubik hakumficha mwalimu wake. Amemtaja miaka yote. Na mwaka 1991 kampuni ya Pan Records ya Uholanzi ilitoa diski yenye jina la Muyinda kwenye jalada, muziki wa Buganda kama ulivyopigwa zamani kwa Kabaka. Wasiomtaja ni sisi. Programu zetu za redio za jazz zinajua tarehe ya kuzaliwa ya kila mpiga saksafoni wa Harlem.

Katikati ya maisha hayo kuna tarehe 24 Mei 1966. Jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alitoroka na kufia London 1969. Ala ziliangamia, wapigaji walitawanyika, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Wanahistoria wa siasa wameandika mengi kuhusu siku ile. Kwa mwanamuziki kuna jambo wasiloliandika: pigo halikuwaangukia wote sawa. Ala ya mtu mmoja ilikunjwa, ikafichwa chini ya kitanda, ikapigwa kijijini jioni. Zeze liliishi. Filimbi iliishi. Entenga, yenye ngoma 15, watu sita, mafunzo ya miaka na Kabaka wa kuiamuru ipigwe, haikuwa na pa kwenda. Ilifika mahali wakawa wanahesabika wazee waliokumbuka namna ya kuipiga. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza juhudi za kuifufua, karibu miaka hamsini baadaye, alimtegemea mzee Musisi Mukalazi, aliyekuwa amebaki karibu peke yake na ujuzi ule, akawakalisha vijana mbele yake.

Ukilitazama hilo kwa macho ya kazi ya Muyinda unaona kwa nini kuhamisha nyimbo kulikuwa na maana kuliko burudani. Wimbo wa entenga ambao pia umo katika amadinda, na pia umo katika vidole vya mpiga ennanga, una nyumba tatu. Ikichomwa moja, zinabaki mbili. Mtu anayezijua zote tatu na kufundisha yeyote anayekuja, awe Mganda, Mzungu au mwanafunzi wa shule, anapanda mbegu mahali ambapo askari hawatafika. Sidhani kama alilipanga hivyo. Alikuwa mpigaji, anapenda kupiga, na alikuwa na mshahara wa makumbusho. Alifariki 1993, mwaka uleule falme ziliporudishwa na Ronald Muwenda Mutebi akatawazwa tarehe 31 Julai.

Sasa pita Nakivubo mchana wa siku ya kazi, kati ya maduka na egesho la teksi. Kila duka lina spika mlangoni, na kila spika ina wimbo wake. Utasikia kadongo kamu, gitaa moja na mtu mwenye kisa kirefu, na ukitega sikio gitaa hilo bado linapiga nyuzi za chini dhidi ya za juu kwa namna ambayo mpiga endongo angeitambua. Utasikia pia amadinda: siku hizi maprodyuza wanaipenda, inatoa harufu ya nyumbani dakika ile ya mwanzo ya wimbo. Hapo ndipo ninapogombana nao. Marimba wanayotumia ni ya kinanda cha umeme, imepangwa kwa hatua 12 za piano, kwa hiyo emiko zimekufa kabla wimbo haujaanza. Kisha chini yake wanaweka mashine ya ngoma, na ile ngoma kubwa inagonga kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, ikimwambia msikilizaji pigo liko wapi. Basi omunazi na omwawuzi hawana tena la kubishania. Mmoja ameshapewa ushindi na kompyuta, mwenzake amegeuzwa mapambo. Sikio halina kazi, na yule mchezaji asiyekuwapo, ambaye Kubik alitoka Vienna kumtafuta, hatokei.

Dawa yake haina gharama. Ngoma kubwa itolewe kwa mizunguko michache ya mwanzo. Marimba iwe ya mti, na ziko za kutosha katika shule za Kampala. Wakalishwe wapigaji wawili watazamane, kila mmoja ahesabu lake, na wa tatu akae kando kwanza bila kupiga chochote, mpaka asikie kitu cha kurudia.